Nilimshikia Mwanzo wa Futikamba

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu. Ndivyo nilivyomwambia mwanangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kung'oa vigingi.

Kampuni ya kujenga majumba ilikuwa imevipiga kuanzia nyuma ya shamba langu la mahindi mpaka ndani ya msitu. Asubuhi tingatinga lingeingia. Msitu ule hata bibi wa bibi yangu aliukuta mzee, na chemchemi tunayokunywa inatoka chini ya mizizi yake. Majirani walishaahidiwa mabati, wakanyamaza. Nikabaki mimi na mdomo wangu.

Na dereva wa tingatinga nani? Kitinda mimba wangu, anayelala chumba changu cha nyuma.

"Mama, nisipoendesha mimi ataendesha mwingine," alisema, mdomo umejaa chakula nilichopika.

"Basi aendeshe huyo mwingine, mama yake ndiye alie."

"Alie nini tena?"

"Mule hajawahi kuingia mtu na shoka akarudi na akili zake."

Akacheka. "Hayo ni ya kutishia watoto."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Akaenda kulala mapema, aamke mapema.

Nilikuwa nimeng'oa vigingi kadhaa na kuvitupa vichakani ndege waliponyamaza. Wote, kwa mpigo. Kisha harufu... udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Mtu alisimama kati ya miti. Mrefu. Kofia ngumu ya wapimaji imemfunika uso. Mkononi, futikamba.

"Bibi... nishikie mwanzo."

Sauti kavu, kama majani yanayokanyagwa.

"Huna vibarua?"

"Nishikie tu."

Nikashika. Msinione mjinga. Nimewatazama wapimaji wakifanya kazi, najua kwamba anayeshika mwanzo akisogea, hesabu yote imeharibika. Nikajisemea, leo utapima mpaka uchanganyikiwe. Yeye akazama msituni, mimi nikarudi kinyumenyume. Nikapita katikati ya mahindi. Nikapita choo. Kamba haikukaza, haikuisha. Mgongo ukagusa ukuta wa chumba cha nyuma. Ndani, mwanangu anakoroma.

"Umefika?"

Aliniuliza sikioni.

Na nyuma yangu kulikuwa na ukuta mtupu.

"Nimefika," nikajibu. Ulimi wangu haujawahi kunisubiri.

"Basi mpaka wetu ni hapo."

Nikatazama mkononi. Haikuwa futikamba.

Ulikuwa mzizi. Wa baridi, una vinywele. Ukanipapasa kiganja polepole, ukaniachia, ukapenya chini ya ukuta.

Kukoroma kukakatika.

Nikazunguka mbio hadi mlangoni. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikauvunja kwa bega langu hili bovu. Kitanda kipo. Blanketi bado lina joto. Sakafu ya saruji imepasuka katikati, na harufu ile inapanda.

Asubuhi shamba la mahindi halikuwepo. Palisimama miti, minene, imeota kuvu, kana kwamba haijawahi kuondoka, mpaka kwenye ukuta wangu. Wapimaji wa kampuni walipima, wakapima tena, wakatazamana. Wakapakia vyombo vyao bila kuaga.

"Bibi, umeshinda," jirani akaniambia.

Nikamtukana mpaka akakimbia.

Nimekwenda ofisini kwa kampuni, mimi niliyewatemea mate getini. Nikapiga magoti, nikaomba waniletee tingatinga lichimbue chumba kile.

Msimamizi akanitazama. "Mama, si wewe uliyesema tusiuguse msitu?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Sasa uguseni."

Akamwita mlinzi anitoe.

Basi nachimba mwenyewe. Sakafu nzima imejaa mizizi, minene kwa myembamba, imesukana kama nywele. Jana jioni nilichukua panga, nikakata mmoja mwembamba.

Chini yangu, mtu akavuta pumzi kwa maumivu.

"Mama... taratibu."

Sauti ni yake. Au ni ya yule wa kofia, ameshajifunza kuniita mama. Nimeuliza jina la utani nililompa akiwa mchanga, ambalo halijui mwingine. Hakuna jibu. Pumzi tu.

Panga nimeliweka nje. Nachimba kwa kucha.