Aliyelala Kando ya Moto

Ghorofa ya pili ya jengo la maduka watu walipishana kama siafu, na msusi aliwapenya akiwa amebeba simu yake kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Gauni lake la kijani lilikuwa limelowa tumbo zima.

"Kaka fundi, imetumbukia kwenye beseni la kuoshea nywele."

Fundi wa simu akaitikisa. "Dada, hii haikutumbukia. Hii imeoga mpaka ikajipaka sabuni."

Watu wakacheka, msusi naye akacheka shingo upande.

"Kaa hapo ikauke. Shika yangu ucheze Ngome Saba. Unapigana na majitu pamoja na watu wa kila mahali, na kila ukishinda mtu wako anaongezeka nguvu. Nakwambia, hakuna mchezo kama huu."

"Unausifia kama umeuzaa wewe."

"Cheza kwanza. Ukiuchukia, niite mwongo."

Hakuuchukia. Baada ya miezi miwili, mle mchezoni yeye alikuwa anaitwa Kitana, fundi anaitwa Bisibisi, na simu zilikuwa hazipoi.

"Kitana wangu, uko wapi? Jitu linaniua!"

"Nina kichwa cha mtu mkononi. Kufa kidogo, nakuja."

Kitu kimoja tu kilimkera msusi. Kwenye Ngome Saba mchezaji akitoka hapotei. Mtu wake hubaki amelala palepale alipoachwa. Na kila siku, kabla hawajaagana, Bisibisi aliingia kwenye nyumba moja ndogo iliyo nyuma ya ngome. Msusi akamfuata siku moja. Akaona msichana wa kilemba chekundu amelala kando ya moto, na Bisibisi amemfunika koti lake na kukaa kimya miguuni pake.

Alitazama wiki tatu bila kusema. Kisha akapiga simu.

"Yule wa kilemba chekundu ni nani?"

"Ni mtu wangu," fundi alisema. "Siwezi kumwongelea, Kitana. Niache."

"Haya. Nimekuacha."

Pale saluni kwake walikuwa wasusi wengine kumi na mmoja, wote wameingizwa mchezoni na fundi. "Ufuteni," akawaambia. "Ni mchezo wa wahuni." Wakaufuta.

Siku tisa hakupokea simu za fundi. Siku ya kumi, akipanda ngazi za jengo, aliona karatasi imebandikwa ukutani, mwandiko wa fundi:

"Ndugu zangu, nawashauri mcheze Ngome Saba. Mapigano yake ni ya haraka, haumalizi chaji, hata simu kuukuu inauweza. Wenye mchezo wamesema tusipofika wachezaji elfu tano, Ijumaa saa sita mchana wanaufunga na kila kitu kinafutika. Ingieni hata kama hamjui kupigana. Mdogo wangu amelala mle na hana pengine alipobaki."

Vijana wawili waliisoma wakacheka. Msusi aliisoma mara ya pili, akapanda ngazi mbio.

Alimkuta fundi mezani, shati halijapigwa pasi.

"Bisibisi, mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mdogo wangu alinipigia akiwa mchezoni, akasema, 'Kaka, njoo, nakungoja kwenye moto.' Nilikuwa kazini, mbali na nyumbani. Nikasema kesho. Kesho yake akafariki. Nimefika, kaburi limeshafukiwa."

"Nami nimewatoa watu kumi na mmoja."

"Niliona wakipungua." Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. "Tumepungukiwa mia tisa, Kitana. Hata nao tusingefika."

"Lakini niliwatoa mimi."

Hakungoja jibu. Alikwenda saluni, akasimama katikati, akaeleza kila kitu mbele ya wateja, kosa lake likiwa la kwanza.

Ijumaa ilipofika, walikuwa hawajafika elfu tano. Saa tano na nusu msusi aliketi kwenye kigoda kando ya fundi, simu mkononi. Ile nyumba ndogo ikaanza kujaa. Wasusi wote kumi na mmoja waliingia, na mteja mmoja aliyesukwa nusu kichwa. Daktari wa meno wa ghorofa ya chini aliingia, na mwalimu aliyewahi kutengenezewa kioo cha simu. Kila mmoja aliweka upanga mlangoni. Maneno yakapanda kwenye kioo: Pole, kaka. Poleni wafiwa. Pole, fundi.

"Msiba umejaa," msusi alinong'ona.

Machozi ya fundi yalidondokea bisibisi zake.

Ilipobaki dakika moja fundi alisema, "Mlaze wako. Asikutwe amesimama."

"Nimlaze wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole kwenye kioo. "Hapo. Kando ya wifi yako."

Msusi alimtazama. Hakuuliza mara mbili. Akamlaza mtu wake kando ya kile kilemba chekundu, akamvutia binti koti mpaka mabegani.

Saa sita ikagonga. Kioo kikawa cheusi.

Kidole cha fundi kilibaki palepale palipokuwa na moto. Msusi hakukiondoa. Aliweka chake kando yake, wakakaa hivyo, na mteja aliyekuwa akiita mlangoni akashusha sauti, akangoja.