Dawa ya Kahawa Katika Tangi la Watiri

Jirani zangu wa Mukurweini, nyumba ya Wamae mliijua ilivyokuwa tulivu. Mkewe, Watiri, aliporudi kutoka kazini Mombasa, alikuja na tangi la kioo lenye samaki sita wa maji ya chumvichumvi. Kila jioni yeye na binti yao Murugi walikaa mbele ya tangi hilo, wakipangusa majani ya mimea iliyomo kwa vidole huku wakipiga gumzo.

Watiri alifariki mwezi wa tatu. Murugi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliacha kuongea na watu, akawa anaongea na samaki tu. Sisi tulisema atazoea. Kusema ni rahisi.

Wamae alimkataza mtoto kuligusa tangi, asije akalivunja. Yeye mwenyewe, kwa majonzi, aliiacha taa ya tangi ikiwaka usiku na mchana, na kila aliyekuja kumpa pole aliwatupia samaki chakula kwa viganja. Maji hayakubadilishwa. Muda si muda mwani, ule utelezi wa kijani, ukafunika kila jani.

Ibada ya kumkumbuka Watiri ilipobakisha siku mbili, Wamae aliona aibu wageni walione tangi likiwa hivyo.

"Baba," Murugi akasema, "hiyo kijani inaletwa na taa na chakula mingi. Mama alikuwa anazima taa jioni, na kila Jumamosi anatoa maji kidogo, anaweka ingine ya chumvi. Tukipangusa polepole itaisha."

Nilikuwa nimeketi hapo na kikombe cha chai. Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mazishi.

"Mimi niko na kahawa miaka ishirini," Wamae akamjibu. "Ati wewe ndio utanifundisha kutoa uchafu kwa majani? Enda uoshe vyombo."

Akachukua ile dawa ya bluu ya shaba tunayopulizia kahawa ikishikwa na kutu, ule ugonjwa wa majani, akamimina kifuniko kizima tangini. Mimi nilinyamaza.

Kesho yake Murugi alirudi kutoka shule akakuta samaki wote sita wakielea matumbo juu. Mwani ulikuwa bado umeshika majani.

Aliwatoa mmoja mmoja, akawafunga kwa leso ya mamake.

"Hawa samaki, ni mimi Mama aliachia," alimwambia babake, na hakumwambia neno jingine.

Sasa Murugi anaishi kwa nyanya yake huko Kangari. Kila Jumapili Wamae hupiga simu, mtoto akapewa. Anachosikia baba ni pumzi tu. Inaniuma sana.

FUNZO

Tumezoea kuwaambia watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na aliyevunjika ni mtoto. Mtoto aliyefiwa akifungua mdomo, keti umsikilize, hata kama anazungumzia samaki. Na wewe jirani unayekunywa chai ya watu, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.