Beseni la Wodi ya Watoto

Mama Chiriku hakujua kukaa bure. Nyumbani alishona nguo huku anapika, na huku anamgombeza kuku aliyeingia jikoni. Kwa hiyo alipolazwa hospitali pamoja na binti yake, wodi nzima ilikoma.

Binti alikuwa ameruka kutoka ukutani akavunjika mguu. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mguu ulifungwa plasta. Daktari akasema unaunga vizuri, karibu wataruhusiwa kwenda nyumbani.

Wodi ilijaa watoto, na mama zao walikuwa hoi.

"Jamani, tutaanguka kwa uchovu," Mama Chiriku aliwaambia. "Tupeane zamu. Mmoja abaki na watoto wote. Wengine wakafue, wakaoge, walale kidogo."

Wote wakakubali. Mwenye zamu alifanya kila kitu. Alibadilisha nepi, alifuta makamasi, alilisha uji. Bomba lilikuwa mbali, kule mwisho wa ukumbi. Basi Mama Chiriku akaweka beseni la maji katikati ya wodi, na kitaulo pembeni. Ukimaliza nepi, unachovya mikono, unajifuta, unashika kijiko. Alilionea fahari beseni lile utadhani amelizaa yeye.

Siku moja aliingia mama mgeni na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa anaharisha na mwili unachemka. Akapewa kitanda cha dirishani, na papo hapo wodi ikampa jina, Mama Dirishani. Alikuwa msichana mdogo, huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, na macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Nipe mimi, mwanangu," Mama Chiriku alimwambia. "Leo zamu yangu. Wewe jinyooshe."

Akambadilisha mtoto nepi kwa mikono yake mwenyewe. Akachovya mikono kwenye beseni. Akajifuta. Kisha akaenda kumlisha Chiriku uji.

Baada ya siku chache, Chiriku aliamka kimya. Mama yake alimgusa paji la uso, akashtuka. Lilikuwa la moto. Tumbo lilimkata, akaanza kuharisha. Mtoto wa kitanda cha mlangoni naye vilevile. Habari ya kwenda nyumbani ikafa hapo hapo.

Muuguzi akachukua choo cha watoto, akakipeleka maabara. Majibu yalipotoka, aliwaita mama wote.

"Watoto hawa wana vijidudu vinavyoitwa salmonela," alisema.

Mama Chiriku akawaka. "Nani amempa mwanangu chakula kibovu?"

"Chakula ni njia moja, mama. Yai bichi, au kuku asiyeiva sawasawa, vinaweza kuleta. Lakini ipo njia nyingine. Vijidudu vinatoka kwenye choo cha mgonjwa, vinapanda kwenye mikono, mikono inashika kijiko, kijiko kinaingia mdomoni."

"Sista, mimi nanawa!"

"Hebu nioneshe unavyonawa."

Mama Chiriku akachovya mikono kwenye beseni, akaipangusa kwa kitaulo, akainyoosha mbele kama mtoto wa shule. Muuguzi hakucheka.

"Tangu asubuhi, ni wangapi wamenawa kwenye maji haya haya?"

Mama Chiriku akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikamwishia.

"Kila mmoja ameacha kitu humu," muuguzi alisema, "na kila mmoja ameondoka na kitu. Kitaulo nacho hivyo hivyo."

Mama Chiriku akakaa kitandani. "Kumbe ni mimi niliyemlisha mwanangu ugonjwa?"

"Si wewe, ni mtoto wangu," Mama Dirishani alisema, akaanza kulia. "Ndiye aliyekuja nao."

"Nyamaza, mwanangu. Kitoto kisichojua hata kukaa kina kosa gani? Mikono ni yangu."

"Na mimi nina langu," muuguzi alisema. "Beseni hili nilikuwa nalipita kila siku, sikusema kitu. Zamu yenu ni nzuri, msiiache. Ila anayeshika nepi asishike chakula. Kila mtoto awe na kikombe chake na kijiko chake. Nepi chafu ziende kwenye pipa lenye kifuniko. Na mnawe kwa sabuni na maji yanayotiririka."

"Na mwanangu, Sista? Atapona?"

"Mpe maji haya ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo, mara kwa mara. Wengi hupona hivyo. Kama dawa nyingine itahitajika, daktari ataamua. Mtoto mchanga tutamwangalia kwa karibu zaidi, maana kwake vijidudu vikiingia kwenye damu ni hatari. Mama yake aendelee kumnyonyesha."

Jioni alikuja Baba Chiriku. Yeye ni fundi bomba. Alipoelezwa, alishika kiuno.

"Mimi nazunguka mji mzima kuwafungia watu mabomba, na mke wangu ananawa kwenye beseni!"

Alikwenda kumpapasa mwanawe shavu. Wodi nzima ikapiga kelele, "Nawa kwanza!"

Akasimama kama askari. Ni kweli alikuwa ametoka kuzibua mtaro. Akanawa bombani kule ukumbini, kisha akatoka. Alirudi na ndoo yenye kifuniko, akaitoboa chini, akafunga koki. Kuanzia hapo maji yalitiririka wodini, na sabuni ikakaa kando. Beseni wakalipeleka kufulia.

Zamu nayo ikagawanywa, zamu ya juu na zamu ya chini. Wa juu alilisha, wa chini alishughulika na nepi.

"Mimi leo wa chini," Mama Mlangoni alikuwa akitangaza. "Mtu asinionjeshe mkate!"

Mama Chiriku alimnywesha binti yake kijiko baada ya kijiko. Homa ikashuka. Kuharisha kukakoma. Hakuna mtoto mwingine aliyeugua mle wodini. Yule mchanga wa dirishani ndiye aliyewatia hofu mpaka mwisho. Daktari alimpa dawa ya sindano, na asubuhi moja akanyonya kwa nguvu mpaka mama yake akasema "Aah!" kwa maumivu. Wote wakacheka, na wengine wakafuta machozi.

Siku ya kuruhusiwa ilifika. Baba alimbeba Chiriku na plasta yake. Mama Chiriku akaenda kumuaga Mama Dirishani, akamkuta kwenye ndoo, ametoka kubadilisha nepi, mikono imejaa povu mpaka viwikoni.

"Subiri nisuuze, mama, nitakulowesha."

"Acha," Mama Chiriku alisema, akamvuta. "Nikumbatie hivyo hivyo."

Akatoka hospitali na alama za mikono miwili ya povu mgongoni, na wala hakuzifuta.