Pito Lililozibwa kwa Udongo wa Kichuguu

Kila Ijumaa asubuhi, wanafunzi wa darasa la sita katika shule ya Kasokola hufagia darasa, hupanga mstari, kisha husali. Ijumaa hiyo sala ilipofika "kama sisi tunavyowasamehe", Vénérande alifunga mdomo. Alikuwa anamtazama kisogoni Doto, mwanafunzi mwenzake aliyesimama mbele yake.

Wiki iliyopita darasa lilifinyanga milima ya jangwani kwa udongo wa kichuguu. Vénérande alichora mto bondeni, akapanda migomba ya vijiti kando yake, kama alivyozoea kuona kwao. Doto alicheka hadi akashika tumbo.

"Jangwa gani hilo lina migomba? Mama Migomba, tuuzie mkungu."

Vénérande aliing'oa migomba, lakini jina likamganda. Tangu hapo moyo wake ulitokota kama chungu cha maharage.

Kwa hiyo asubuhi ile kabla ya sala, alipobaki peke yake na fagio, alilowesha udongo akaliziba pito ambalo Doto alilichonga kati ya milima. Akalainisha kwa kidole, pakawa kama hapajawahi kuwa na njia.

"Leo tuone atamcheka nani," akajiambia.

Mwalimu Yotham alianza somo. "Milima hii ni jiwe tupu. Mchana linaunguza, usiku baridi inakata. Pito ni hili moja, na kisima kiko ng'ambo. Doto, vusha msafara wa kundi lako." Akampa punje tano za mahindi, ndizo ngamia.

Punje ziligonga ukuta. "Mwalimu, jana palikuwa wazi," Doto alisema. Darasa likacheka, Vénérande kuliko wote.

"Haya, kundi la Vénérande."

Lidia, rafiki yake, alisukuma punje zao. Nazo zikagonga palepale.

"Wote mmekufa kwa kiu," mwalimu akasema. "Makundi mawili, sifuri."

Lidia aliinama, machozi yakimlengalenga. Vénérande akaacha kucheka. Akasimama.

"Mwalimu, ni mimi niliyeziba." Akaukwangua udongo kwa kucha mpaka njia ikaonekana.

Doto alikuna kichwa. "Na mimi nilikuchokoza. Nisamehe. Ila migomba usiirudishe."

Mwalimu aliwarudishia punje zao. "Mwenye kisasi huziba pito, akasahau kwamba na yeye ni msafiri," alisema. "Vénérande, asubuhi nilikuona umefunga mdomo. Sasa malizia sala."

Akaimalizia, neno kwa neno.