Picha ya Yangeyange

Enzi za filamu, wiki ya kufungua shule ilikuwa wiki ya vurugu pale studio. Foleni ya picha za paspoti ilianzia kaunta ikamwagika hadi barabarani, watoto wamepakwa mafuta usoni mpaka wanang'aa, mama zao wanawafokea wasichafue kola. Katikati ya rabsha hiyo akaingia mwanamume mrefu, buti zimeganda tope, shati limepauka mgongoni kwa jua, akawapita watu wote mpaka mbele.

"Foleni inaanzia nje, kaka," alisema binti wa kaunta bila kuinua macho.

"Mimi sitaki paspoti, dada. Niliyempiga picha ni kiboko."

"Basi kiboko naye apange foleni."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Akarudi nyuma kabisa, akasimama juani mpaka zamu yake ikafika. Hapo ndipo binti alipomtazama vizuri, na moyo wake, uliokuwa umetulia siku nyingi, ukaanza vituko.

Pale studio walimwita Brashi. Kaunta alikaa siku za msongamano tu. Kazi yake hasa ilikuwa kusafisha picha. Vumbi likikaa kwenye filamu, kwenye picha hutoka kama vidoa vyeupe, naye alivifunika kimoja kimoja kwa wino na brashi nyembamba kama unywele. Chunusi za maharusi nazo zilipotelea mkononi mwake. Tangu siku ile mpiga picha wa wanyama hakupeleka filamu zake kwingine. Alileta duma akimlamba mwanawe, akaleta maporomoko yaliyovaa upinde wa mvua, na ukweli usemwe, nyingine hazikuwa na haraka yoyote ya kusafishwa.

Akiwa mbugani alipiga simu kutoka ofisi ya walinzi. Simu ya studio ilikaa mezani kwa mzee mwenye studio, ambaye kila ikilia alikumbuka gazeti lake.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, hujaliwa?"

"Wamenionja, wakaniona mchungu."

Gazeti la mzee lilitikisika. Siku hizo mapenzi yao yalikuwa na mashahidi wengi, na hakuna aliyeona haya. Hata mama yake Brashi, mwanamke asiyependezwa upesi, alikwisha kumzoea. Alichotaka ni buti zile zibaki nje ya mlango.

Masika yalipokuja, mpiga picha alimpa dereva filamu moja ailete mjini. Brashi aichapishe picha ya tembo, kubwa, aisafishe na kuipeleka kwenye mashindano. Jina la picha yeye mwenyewe alikwisha kuwapa waandaaji kwa simu. Kwa Brashi hakulitaja, alitaka limshtue ukutani.

Picha ilitoka nzuri kupita kiasi: tembo na ndama wake wakitoka kwenye ukungu, na juu yao mawingu meusi ya mvua. Lakini mawingu yalikuwa yametapakaa vidoa vyeupe. Brashi akasonya, filamu ya porini haikosi vumbi. Akajifungia nayo kutwa, akafunika kidoa baada ya kidoa, kwa upendo wote aliokuwa nao, mpaka mbingu ikabaki safi.

Siku ya maonyesho alivaa gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, nywele zimetengenezwa upya. Mpenzi wake alifika moja kwa moja kutoka safarini, akamkuta amesimama mbele ya picha yao, watu wamejaa, wanacheka. Chini ya picha paliandikwa: Yangeyange Wanarudi. Bwana mmoja aliuliza kama ndege wenyewe wameshindwa na nauli.

Mpiga picha alikuwa amelala kwenye matope wiki nzima akiwasubiri ndege wale weupe waruke. Hasira ikamtangulia.

"Macho yako yamezoea chunusi," alimwambia mbele ya watu wote. "Ndege hai unawaona uchafu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Brashi alichukua mkoba wake, akatoka.

Miaka ikapita, filamu zikafa, kila mtu akawa na kamera mfukoni. Brashi akafungua duka lake la picha mtaa wa pili. Mzee wa studio alipoamua kufunga, aliwaita wateja wa zamani wachukue filamu zao, na Brashi akaenda kumsaidia kuzipanga. Alikuwa juu ya ngazi, rafu ya mwisho, alipoisikia ile sauti ikimwamkia mzee. Ilibidi ashikilie rafu.

Mvi zilikuwa zimemwanza mpiga picha pembeni mwa kichwa. Akapewa boksi lake, lakini hakuondoka. Mzee naye akakumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba cha giza.

"Nilikuja kule mbugani," Brashi alisema alipofika chini. "Wiki moja baada ya maonyesho. Mlinzi wa geti akaniambia umeondoka."

"Nilikuwa huku. Nilikuja kukuomba radhi. Mama yako akasema umekwenda kwa shangazi."

"Nilimdanganya. Ningemwambia namfuata mwanamume porini?"

Mwanamume akaliweka boksi juu ya kaunta.

"Mbona hukurudi tena?" aliuliza Brashi.

"Nilijiambia, angenitaka asingeondoka. Na wewe?"

"Nilijiambia, angenitaka angerudi."

Ujinga wa watu wawili, na muda wote ule umekwenda nao. Brashi aliona uchungu, na chini ya uchungu aliona furaha, tena furaha ndiyo iliyomtisha.

"Kule mbugani, yangeyange uliwaona?" aliuliza mwanamume.

"Waliruka jioni, wote kwa pamoja. Nililia mpaka mlinzi akaniletea maji. Uliwasubiri kwa shida yote ile, nami nikawafuta."

"Ndege niliwapata wengine mwaka uliofuata. Wewe sikupata mwingine. Umeolewa?"

"Sijaolewa."

"Basi nikuoe mimi. Najua nimechelewa."

Brashi alijifuta macho kwa kiganja, akacheka hapo hapo.

"Twende nyumbani kwanza. Mama yupo, na anayo ya kukuambia."

"Mengi?"

"Ya miaka yote hii."

Mwanamume akaliacha boksi la filamu pale pale juu ya kaunta, akamfuata.