Kopa Lililojikaza

Asubuhi ile Mama Fremu alipowasha kompyuta ya studio yake, aliona kopa, fremu ya umbo la moyo, limepungua. Jana yake alikuwa ameizungushia picha ya seremala jirani na mkewe mpya kopa pana lenye maua pembeni, na mabega ya wote wawili yalienea ndani. Leo ukingo ulikuwa umemfikia seremala shingoni. Tena chumba kilinuka dawa ya kuchua, kama chumba cha mgonjwa.

"Umeme tu huu," alijisemea, akalivuta kopa likarudi mahali pake.

Seremala alikuwa ameleta picha ya harusi yake ya kwanza akasema, "Mtoe marehemu, mbandike huyu. Suti ile ilinipendeza." Mama Fremu akamkata marehemu taratibu, kuanzia shela hadi vidole vilivyoshika mkono wa mumewe, akamfuta. Mama Fremu na mwanamke yule walikuwa wakiishi ukuta kwa ukuta. Watu waliambiwa kafa kwa kifua.

Alipogeuka kuchukua karatasi, akasikia mtu anagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Kutoka ndani ya kioo cha kompyuta. Alizima kompyuta, ngo. Akachomoa waya ukutani. Ngo, na kioo kisicho na umeme kikawaka chenyewe, kopa likajikaza mbele ya macho yake huku likilia kama ubao unaobanwa kwenye jiliwa, maua yakimzama seremala shingoni, na pale alipokuwa bibi harusi mpya pakawa peupe, na ile harufu ya dawa ikamjaa puani na kinywani hadi akashindwa hata kumwita Mungu wake.

Alitoka mbio bila viatu hadi kwa shangazi yake, aliyetibu watu wenye majini. Waliporudi walimkuta seremala mlangoni, mkono kifuani.

"Dada, picha tayari? Kifua kinanibana tangu alfajiri."

Shangazi aliketi mbele ya kioo kilichokuwa bado kinawaka, akafukiza ubani, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani wewe? Unataka nini?"

Jibu lilitoka kinywani mwa Mama Fremu, lakini sauti haikuwa yake. "Maji."

Seremala alirudi nyuma hadi ukutani.

"Alinifungia chumba cha nyuma, kikohozi changu kisimfukuzie wateja," sauti iliendelea. "Nikagonga. Nikaomba maji."

Shangazi alimshika Mama Fremu mabega. "Rudi, mwanangu. Sema unachokijua. Huyu hatoki kwa ubani, anatoka kwa ukweli."

Mama Fremu alirejewa na sauti yake, akanong'ona, "Nilimsikia akigonga. Siku moja tu. Nikasema ya mume na mke hayaingiliwi."

"Waongo nyote!" Seremala alinyakua kipanya, akaifuta picha. Kioo kikawa cheusi. Akavuta pumzi ndefu, akacheka. "Mmeona? Jini gani anafutwa kwa kidole?" Akaenda zake.

Kabla ya adhuhuri mkewe alipiga ukunga kuita majirani. Mlango wa chumba cha nyuma, ambao seremala aliuranda kwa mikono yake, ulikuwa umevimba ukakaza, na majirani hawakuufungua ila kwa shoka. Ndani seremala alilala maiti, kucha zimevunjika, midomo imepasuka kama ya mtu aliyekosa maji siku nyingi. Na alikuwa ameingia mle saa mbili tu kabla ya hapo.

Alasiri mjane yule alisimama mlangoni pa studio na begi lake.

"Naondoka, dada. Mke wa kwanza yumo mle ndani. Kaniambia nisiogope, hana ugomvi na mimi. Ila kasema nikuulize wewe: ulimsikia siku ngapi?"

Mama Fremu alitaka kusema moja. Ulimi ukagoma, ukamganda kinywani kama kipande cha ngozi kavu.

"Nne," alisema.

Tangu saa ile maji hayakupita kooni mwake. Yalifika mdomoni yakarudi. Shangazi alifukiza, akaomba, akalia, wapi. Siku nne Mama Fremu alilala akitazama kikombe kilichojaa. Alfajiri ya tano koo lilifunguka, akakinywa chote kwa mkupuo, akajikokota hadi kwa mama wa yule mke wa kwanza, akapiga magoti, akaanza kusimulia siku zile nne za kugonga.