Aliyeitikia Piano
Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa piano, mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe, siku ambazo hakuna lililomgusa tena. Alasiri moja alikwenda kurekebisha piano ya jumba dogo la maonyesho ya michoro, kabla ya onyesho la muziki la watu wa mtaa. Umeme ukakatika, na ukumbi ule usio na dirisha ukawa giza totoro. Akabonyeza noti moja. Mtu akaiitikia kwa kuiimba kwa sauti nyororo, karibu kabisa.

“Dada, ni wewe?” akauliza, akidhani ni msimamizi wa jumba.

Kisha kufuli likalia nje, msimamizi akaingia na tochi.

“Pole, fundi. Nilikufungia peke yako nikafuate betri.”

Hakushtuka. Akapapasa benchi alilokalia. Pembeni yake palikuwa na joto. Akauacha mkono pale mpaka pakapoa.